Maswali na majibu: Magofu ya makanisa

*Kigango chetu kina kanisa la zamani la mawe, paa limeanguka. Vijana wamejitolea kulipiga lipu ya saruji. Tuwakubalie?*

Wapeni chai, washukuruni, kisha mifuko ya saruji irudi stoo. Kuta zile zilijengwa kwa mawe na chokaa, na chokaa hupumua: maji yakiingia, hupata pa kutokea. Saruji huyafungia ndani. Baada ya masika machache chokaa ya ndani inalegea, lipu inabanduka na kuondoka na vipande vya jiwe. Mwisho kuta zinakuwa mbovu kuliko mlivyozikuta. Anzeni juu, kwa sababu ukuta usio na paa hunywa mvua kwa kichwa. Ufunikeni, hata kwa makuti. Miche midogo ng'oeni. Mti uliokwisha kutia mizizi ukutani ukateni tu, msiuvute; huenda ndio unaoshikilia mawe. Kisha mtafuteni fundi mzee anayejua chokaa, kabla hajaondoka na ujuzi wake.

*Nakwenda Bagamoyo na watoto. Kuna kanisa gofu?*

Kuna mnara. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, na kanisa lao la kwanza limebakiza mnara unaoitwa wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, kwa kuwa maiti yake ililazwa hapo Februari 1874 ikisubiri kuvushwa Zanzibar. Mimi ningeuita mnara wa watumishi wake, Chuma na Susi. Wao na wenzao ndio walioibeba maiti hiyo miezi mingi kutoka Zambia ya leo, kwa miguu. Waambieni watoto majina hayo kwanza.

*Na Malindi?*

Kanisa dogo la Wareno, la makuti, ukipita haraka utadhani banda. Francis Xavier, mmisionari Mjesuiti, alipita Malindi 1542 akielekea India, akamzika msafiri mwenzake mjini humo. Kaa kidogo makaburini.

*Nimeokota msumari wa zamani kwenye gofu la misheni. Niuweke kabatini?*

Urudishe ulipoutoa. Ukishahama mahali pake, ni chuma chakavu.

*Bibi anasema magofuni kuna majini. Kweli?*

Sijakutana nao. Nilichokutana nacho ni nyuki, na nilikimbia bila kuaga. Piga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla hujaingia; yeye anajua mzinga uko ukuta gani.