China wanakaririsha, Uingereza wanafikirisha? Nimesoma kote kuwili, naomba nijibu

Mkuu mleta mada, umesema binti yako amepata nafasi mbili za shahada ya kwanza ya uhandisi, moja China na nyingine Uingereza, na kwamba China unaiogopa kwa sababu "kule wanakaririsha tu, Magharibi ndiko wanakofundisha kufikiri". Wachangiaji wengi wamekuunga mkono. Mimi nilisoma uhandisi wa ujenzi China miaka mitano, mwaka wa kwanza ukiwa wa lugha, kisha nikaenda Uingereza kwa shahada ya uzamili. Sasa nafundisha. Kauli hiyo nami niliondoka nayo nyumbani, na ilinichelewesha kuelewa mambo mengi.

Nianze na huko kukariri kwenyewe. Mwaka wa lugha nilikuwa Tianjin. Kila jioni tulipewa herufi ishirini, siku nyingine thelathini, na kila moja uiandike mpaka ijaze mistari miwili ya daftari. Mwalimu hakutazama umepatia au umekosea tu. Alitaka kuona mkono ulianzia wapi, mstari upi ulitangulia na upi ukafuata. Miezi miwili ya mwanzo niliona ni adhabu. Halafu usiku mmoja nikawa naandika neno la mto, hé, na juu yake kwenye ukurasa uleule kulikuwa na ziwa, hú, na bahari, hǎi. Nikaona kwamba zote tatu zina matone matatu yaleyale upande wa kushoto. Ni alama ya maji. Tena upande wa kulia wa mto na wa ziwa kuna kipande kinachodokeza namna ya kutamka. Mwalimu alikuwa ameshalisema hilo wiki za nyuma, ila mimi sikuwa na herufi za kutosha kichwani za kuona anazungumzia nini. Mkono ulitangulia, akili ikaja nyuma yake. Tangu usiku ule herufi mpya haikuwa tena mchoro wa kumeza, ilikuwa na ndugu zake.

Sisi tunapotamka "kukariri" tunafikiria kukremu, yaani kumeza desa usiku wa kuamkia mtihani na kulitema asubuhi. China kukremu kupo pia, na wanafunzi wenyewe wanakudharau. Lakini kuna kurudia kwa namna nyingine, kwamba ukilipitia jambo mara ya kumi unaona usichokiona mara ya tatu. John Biggs, mtafiti aliyefundisha Hong Kong miaka mingi, aliliandikia sana jambo hili katika miaka ya 1990, kwa sababu watu wa Magharibi walikuwa wanashangaa: hawa wanaoonekana wanakariri, mbona wanaelewa kwa kina na wanafaulu? Jibu lake na wenzake ni kwamba mtazamaji wa nje alikuwa anachanganya kurudia na kukariri bila kuelewa.

Sasa naomba unisikilize kwa hili linalofuata, ndilo lililonibadilisha zaidi. Nikiwa mwaka wa tatu, rafiki yangu wa darasani alinipeleka shule ambako dada yake alikuwa anafundisha hesabu. Siku hiyo dada alikuwa na gōngkāikè, kipindi cha wazi, kile ambacho walimu wenzako wanakuja kukutazama. Wanafunzi walikuwa karibu hamsini, wamekaa kwa safu, wanamtazama mwalimu. Nyuma yao walikaa walimu kama kumi na tano, kila mmoja na daftari. Ungepiga picha ile na kuituma hapa, sote tungesema: hii ndiyo elimu ya kukaririsha.

Somo lilikuwa kimo cha pembetatu. Basi, kipindi kizima ni kimo. Alichora pembetatu imekaa kwenye kitako chake, wote wakachora kimo bila shida. Akaigeuza ikalala ubavu, nusu ya darasa wakababaika, kwa sababu walikuwa wamezoea kwamba kimo ni mstari unaosimama wima kwenye ubao. Hapo tayari wamejifunza kitu. Kisha akaleta pembetatu yenye pembe butu, ambayo kimo chake kinaangukia nje ya umbo. Mvulana mmoja akaitwa ubaoni, akachora mstari ndani ya pembetatu, umeinama, hauna pembe mraba popote. Nilitegemea mwalimu afute. Hakufuta. Aliliuliza darasa: mwenzetu alikuwa anatafuta nini alipochora hivi? Wakazungumza kosa lile dakika kama kumi. Mmoja akasema alitaka mstari ubaki nyumbani, ndani ya umbo. Mwingine akauliza ni nani aliyesema lazima ubaki ndani. Mwisho mvulana yuleyule akarudi, akarefusha kitako kwa mstari wa nukta nukta hadi nje ya pembetatu, akateremsha kimo chake pale. Hakuna aliyemcheka, wala yeye hakuonekana ameaibika.

Rafiki yangu alinieleza jina la njia hiyo ya kufundisha, biànshì. Unabadilisha kila kisichohusika, mkao, ukubwa, umbo, na kile chenye maana unakiacha palepale, mpaka mtoto akione peke yake. Si ujanja wa mwalimu mmoja. Gu Lingyuan, mtafiti wa ufundishaji wa hesabu, na wenzake waliifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi katika wilaya ya Qingpu, Shanghai. Na kipindi kilipokwisha, wale walimu kumi na tano walikaa zaidi ya saa nzima wakibishana kama pembetatu yenye pembe butu ililetwa mapema mno. Saa nzima kwa swali moja! Japani nao wana desturi inayofanana, ya walimu kuandaa kipindi pamoja, kukitazama pamoja na kukichambua. Sikuwahi kuona kufikiri kuhusu ufundishaji kwa kina kile mahali pengine popote, na ninasema hivyo nikiwa mwalimu.

Uingereza wameliona hilo. Baada ya Shanghai kuongoza PISA, majaribio ya kimataifa ya wanafunzi wa miaka 15, mwaka 2009 na tena 2012, walianza kubadilishana walimu wa hesabu na Shanghai, na mwaka 2016 serikali ikatangaza pauni milioni 41 ili shule za msingi 8,000 zifuate ufundishaji wa namna hiyo. China nao hawakufunga milango: John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alizunguka huko akitoa mihadhara kuanzia 1919 hadi 1921. Kwa hiyo hata huo ukuta tunaouchora kati ya Mashariki na Magharibi una matundu ya zaidi ya miaka mia.

Tuje Uingereza. Semina ya kwanza tulikuwa kumi na wawili, tumezunguka meza. Mhadhiri, ambaye kila mtu alimwita kwa jina lake la kwanza na mimi ulimi ulikataa kwa wiki kadhaa, aliuliza tumeionaje makala tuliyopewa kusoma. Nilikuwa nimeisoma mara tatu. Nikaieleza yote kwa mpangilio, sehemu baada ya sehemu. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Umenipa anachosema yeye. Wapi amekosea?" Sikuwa na jibu. Haikuwa kwamba sikufikiri. Miaka mitano nilikuwa nimefundishwa kwamba kabla hujamkosoa mtu aliyekutangulia lazima uwe umemmaliza, na mimi sikuona kama nimemmaliza. Pembeni yangu kulikuwa na kijana ambaye, nilikuja kujua, alisoma kurasa mbili tu za mwanzo. Alizungumza dakika tano na mhadhiri akawa anaitikia kwa kichwa. Nilikasirika sana siku ile.

Insha yangu ya kwanza ilirudi na alama 52, pale ambapo 50 ndiyo mpaka wa kufaulu. Pembeni ameandika kwamba rejea ni nyingi na nzuri, ila sauti yangu haimo. Ilinichukua muhula mzima kuelewa kwamba hakuwa ananiomba niwe mjuaji. Alikuwa ananiomba niweke hoja mezani ingali mbichi, ili ipigwe na kurekebishwa mbele ya wengine. Kule hoja ni ya kukatwakatwa, na ukikatwa hukuvunjiwa heshima. Nilipolishika hilo, ile meza ya watu kumi na wawili ikawa mahali nilipopapenda kuliko pote. Mwishoni mwa mwaka nilimpinga msimamizi wangu wa tasnifu kuhusu namna ya kukadiria mzigo juu ya boriti, akanibishia, nikaleta hesabu, akabadili msimamo. China nisingethubutu kufanya hivyo mbele ya watu.

Na hapa kuna kitu nimejutia. Nikiwa China, katika maabara, niliona takwimu moja kwenye jedwali la mhadhiri haiwezekani. Nilinyamaza, darasa zima tukanakili. Miezi baadaye nilimtajia mwanafunzi mwenzangu Mchina, akanishangaa: kwa nini hukumfuata baada ya kipindi? Kumbe ile foleni ya wanafunzi mlangoni kila mhadhara unapokwisha, niliyoidhani ni ya kuomba alama, ndiyo ilikuwa semina yao. Maswali makali yaliulizwa pale, kwa sauti ya chini, heshima ya mwalimu mbele ya darasa ikiwa imehifadhiwa. Nilipofika Uingereza nikawaona Wachina wawili wa kozi yetu wanakaa kimya semina nzima, na wahadhiri wakawaona hawana mawazo, wakati usiku jikoni bwenini walikuwa wakiichambua mada ile kuliko yeyote kati yetu.

Ndiyo maana nasema tofauti kubwa niliyoiona haiko kwenye kufikiri na kutofikiri. Iko kwenye wakati. China unaombwa maoni yako ukishaujua uwanja. Uingereza unaombwa siku ya kwanza, na uwanja utaujua ukiwa njiani. Kila upande unaupa mwenzake jina baya kwa sababu unamtazama mwanafunzi kwa saa isiyo yake.

Gharama zipo, na sitazificha. China gharama kubwa iko kabla ya chuo. Mtihani wa gāokǎo, ule wa kuingilia chuo kikuu, hufanyika kila Juni, na mwaka 2024 waliojiandikisha walikuwa milioni 13.42. Wenzangu waliniambia mwaka wa mwisho wa sekondari walikuwa darasani hadi saa nne usiku, na wengine bado wanaota mtihani ule. Lakini usiudharau kabla hujajua umetoka wapi. China iliteua maofisa wake kwa mitihani tangu enzi ya Sui, karne ya 7, hadi 1905. Gāokǎo yenyewe ilikatizwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ule msukosuko wa kisiasa wa 1966 hadi 1976, nafasi za chuo zikawa za kupendekezwa na wakubwa, na iliporudishwa mwaka 1977 walifanya watu kama milioni 5.7 wakachaguliwa kama 270,000. Mzazi wa rafiki yangu alikuwa mmoja wao, mtoto wa wakulima. Kwake mtihani ule ndio mlango pekee ambao hakuna mkubwa angeweza kuufunga. Serikali yenyewe inajua mzigo umezidi, ndiyo maana Julai 2021 ilipiga marufuku tuisheni za kibiashara za masomo ya msingi na kuagiza kazi za nyumbani zipunguzwe.

Uingereza gharama ni upweke. Wiki nzima unaweza kuwa na saa nane za vipindi, zilizobaki ni zako na orodha ya vitabu. Asiyejua kujisimamia anazama kimyakimya, na atakayegundua ni mfumo wa alama, mwezi wa kwanza au wa pili wa mwaka unaofuata. China nilipougua siku mbili, mwalimu alipanda hadi ghorofa ya tano bwenini kuniuliza nimekula nini. Binafsi naona hili ni kubwa kuliko hoja zote za kukariri, hasa kwa mtoto anayetoka nyumbani mara ya kwanza.

Tena "Mashariki" na "Magharibi" ni majina mapana mno. Ufaransa mwanafunzi wa sekondari anakaa saa nne kwenye mtihani wa falsafa akitetemeka kama wa gāokǎo. Ufini mtoto anaanza shule akiwa na miaka saba. Ujerumani, katika majimbo mengi, watoto wanagawanywa kwenda shule za aina tofauti wakiwa na miaka kumi hivi. Mimi nimesema kuhusu China na Uingereza kwa sababu ndiko nilikokaa.

Kwa binti yako, mkuu. Akichagua China, uliza kozi inafundishwa kwa lugha gani. Zile za Kiingereza mara nyingi huwaweka wageni darasa lao peke yao, na yote niliyoeleza hapa atayaona kupitia dirishani. Mwaka wa lugha ni mgumu, ila ndio unaokuingiza kwenye darasa lenyewe, na aanze herufi sasa hivi, asisubiri kufika. Akichagua Uingereza, kuanzia wiki hii mpe makala moja kila Jumamosi, asome, kisha akueleze mwandishi amekosea wapi, na wewe umbishie. Mwanzoni ataona unamchokoza. Endelea. Kabla ya hayo yote muulize yeye mwenyewe: akikwama kwenye jambo, hulirudia peke yake mpaka lifunguke, au hutafuta mtu wa kubishana naye? Ukipata jibu lake rudi utuambie, nitakuwepo.