Kwa nini Pangani ilipoa

Ndugu, umeuliza Pangani ilipoaje wakati zamani ilikuwa bandari ya pembe za ndovu na sukari. Reli, basi. Wajerumani waliianzia Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, na mizigo iliyokuwa ikishuka na misafara ikahamia Tanga. Tena mlango wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa haziingii.

Ila usiuite mji uliolala! Agosti 1888 hapo ndipo watu walipomgomea Mjerumani Zelewski, aliyebandikwa jina la Nyundo, alipotaka kupandisha bendera ya kampuni ya Kijerumani. Abushiri naye, kiongozi wa vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa hapohapo Desemba 1889. Ukivuka mto kwenda Bweni, kaa na wazee: habari za mashamba ya mkonge wanazo tele.