Wasomaji Wanauliza: Je, Ni Jasho Lililoufanya Mkanda Kuwa Mweusi?

SWALI: Ninajifunza karate katika ukumbi mmoja hapa Kondele, Kisumu. Sensei wetu hutuambia kwamba hapo kale palikuwa na mkanda mweupe pekee, na kwa kuwa ulikuwa haufuliwi, jasho na vumbi vya miaka mingi viliugeuza kuwa mweusi. Husema pia kwamba karate ilibuniwa na wakulima wa Okinawa walionyang'anywa silaha na samurai. Je, historia inayathibitisha haya? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Masimulizi haya mawili ni matamu, na sensei wako hakuyatunga, kwani husikika katika kumbi za karate kote ulimwenguni. Hata hivyo, la kwanza halina ukweli, na la pili lina chembe tu.

Mkanda mweusi una mwanzo unaojulikana, nao haukuanzia katika karate. Ulianzishwa na Kano Jigoro (watu wa Ahero wasije wakamdai kuwa wao, maana hana udugu na uwanda wa Kano ulio karibu na Kisumu), ambaye aliasisi judo jijini Tokyo mwaka wa 1882. Shule za kale za mapigano za Japani zilikuwa zikimpa mwanafunzi hati chache zilizoachana kwa miaka mingi; Kano aliona kwamba kijana huhitaji kuyaona maendeleo yake mapema, akapanga madaraja, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880 waliofuzu kiwango cha dan (yaani madaraja ya juu) walikuwa wakijifunga mkanda mweusi ili watofautishwe na wanaoanza. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alipoionyesha karate Tokyo mwaka wa 1922, Kano alimwalika katika ukumbi wake wa Kodokan, na baada ya miaka miwili Funakoshi naye akaanza kuwatunuku wanafunzi wake dan. Rangi za katikati zilienea kutoka Ulaya, hasa Ufaransa, ambako Kawaishi Mikinosuke alifundisha judo katika miaka ya 1930.

Tena, utazame mkanda wenyewe. Mikanda mingi myeusi ni kitambaa cheusi kilichoshonewa juu ya kiini cheupe cha pamba, na kadiri mwenyewe anavyoufunga na kuufungua, ndivyo nyuzi nyeusi zinavyolika pale penye fundo, hata weupe wa ndani ukaanza kuchungulia. Mkanda wa mkongwe wa karate, basi, huelekea kuwa mweupe. Ule mweupe usiofuliwa, kwa joto hili la Kisumu, ungekuwa wa rangi ya udongo, na mwenye kuuvaa angeombwa kwa upole asimame karibu na dirisha.

Kuhusu wakulima, chembe ya ukweli ni hii: Okinawa ilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu, na baada ya jeshi la Satsuma kutoka Japani kuuvamia mwaka wa 1609, silaha ziliwekewa masharti. Lakini waliotuachia karate hawakuwa watu wa jembe. Matsumura Sokon aliwatumikia wafalme wa Ryukyu. Mwanafunzi wake Itosu Anko alikuwa karani katika utawala huohuo. Na Higaonna Kanryo, ambaye mwanafunzi wake Miyagi Chojun aliasisi mtindo wa karate uitwao Goju-ryu, alivuka bahari kwenda Fuzhou, China, kujifunza huko. Hawa ni watu waliokuwa na wasaa wa kujifunza na njia ya kuwafikia walimu. Hata zile Heian, yaani mifuatano ya mazoezi ambayo wanafunzi wa mtindo wa Shotokan huanza nayo, ukigeuka kushoto na kukinga chini kabla ya kupiga hatua na ngumi, zilitungwa na Itosu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati alipokuwa akiiingiza karate shuleni. Walengwa walikuwa watoto wa shule, na enzi ya samurai ilikuwa imekwisha kupita.

SWALI: Je, ni kweli kwamba mapigano ya Shaolin yaliletwa na mtawa Bodhidharma, aliyeutazama ukuta wa pango kwa miaka tisa? (Msomaji, Kakamega)

JIBU: Hakuna maandishi ya enzi yake yanayomhusisha na mapigano. Hekalu la Shaolin, mkoani Henan, China, lilijengwa mwishoni mwa karne ya 5, na jiwe lililochongwa maandishi mwaka wa 728 hueleza jinsi watawa wake walivyomsaidia Li Shimin, aliyekuja kuwa mfalme wa China, vitani mwaka wa 621. Jina la Bodhidharma lilifungamanishwa na mazoezi ya mwili katika kitabu kilichojitokeza karne ya 17, yaani zaidi ya miaka elfu moja baada ya mtawa huyo kufa, na mwanahistoria Tang Hao aliukosoa uzushi huo tangu miaka ya 1930.

Majirani zako Waluo wana Lwanda Magere, shujaa mwenye mwili wa jiwe aliyeuawa kwa mkuki uliochoma kivuli chake baada ya mkewe Mnandi kuitoa siri. Watu huonyeshwa jiwe lake huko Kano na kulistahi, ila hakuna alitumiaye kuandika tarehe ya vita. Bodhidharma anastahili heshima ya namna hiyohiyo. Na kama unataka kujua Shaolin walipata sifa kwa lipi, katika enzi ya nasaba ya Ming ya China ilikuwa ni kwa fimbo ndefu kuliko ngumi: mwongozo wa fimbo hiyo, ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya 17 na Cheng Zongyou, aliyejifunza hekaluni humo, ungalipo hadi leo.