Waimbaji wa Okinawa: uanze na nani

Ndugu, umeuliza kwa nini visiwa vidogo kama Okinawa vimetoa waimbaji wengi wanaojulikana Japani nzima, na uanze kumsikiliza nani.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Hadi mwaka 1879 visiwa hivyo vilikuwa ufalme wa Ryukyu, uliofanya biashara na China na kupokea kutoka huko ala ya nyuzi tatu iliyogeuka kuwa sanshin, ambayo kasha lake huvikwa ngozi ya chatu na ambayo mpaka leo haikosekani katika sherehe za nyumbani. Sababu ya pili ni kwamba Wamarekani walitawala Okinawa baada ya vita hadi 1972, na katika mji wa Koza, jirani na kambi ya Kadena, bendi za roki kama Murasaki zilijinoa mbele ya wanajeshi, hadhira ambayo, kwa kweli, haikuwa na huruma.

Mimi ningekushauri uanze na Shoukichi Kina, mzaliwa wa Koza, kwa kuwa ndani yake mikondo hiyo miwili inakutana: sanshin na gitaa la umeme katika wimbo mmoja. Kisha umsikilize Rimi Natsukawa wa kisiwa cha Ishigaki, ambako pia ndiko wanakotoka wanamuziki wa kundi la Begin. Namie Amuro, mzaliwa wa Naha aliyestaafu Septemba 2018, ndiye maarufu kuliko wote hao, ila katika nyimbo zake za dansi utaisikia Okinawa kwa nadra.