Sanitaiza, spreyi na spiriti: namna ya kuipa dawa ya usafi namba yake sahihi kabla haijapakiwa

Ukiandika "vifaa vya usafi, katoni 120" kwenye karatasi ya mzigo, hujasema kitu. Ndani ya katoni hizo inaweza kuwemo sabuni ya maji isiyo na tatizo lolote, sanitaiza ya spiriti asilimia 70, makopo ya spreyi ya kung'arishia samani, na madumu ya thina. Kwa anayepanga mzigo melini hivyo ni vitu vinne, na vitatu kati yake vinawaka. Kontena likikaa siku tatu juani bandarini, tofauti hiyo haibaki kuwa ya makaratasi tu.

Maelezo haya yanafuata kanuni za IMDG, yaani kanuni za kimataifa za mizigo hatarishi ya baharini, ambazo ni lazima chini ya SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, tangu tarehe 1 Januari 2004. Zinahusu kontena linalotoka bandari ya Jebel Ali, Dubai, kuja Mombasa au Dar es Salaam. Kanuni za ndege za IATA, chama cha mashirika ya ndege, zimetoka kwenye chimbuko hilohilo la Umoja wa Mataifa, kwa hiyo daraja (aina ya hatari) na namba ya UN (tarakimu nne zinazotambulisha mzigo hatarishi) kwa kawaida hazibadiliki. Kinachobadilika sana ni kiasi unachoruhusiwa na namna ya kufungasha.

Kosa la kwanza ni kuainisha bidhaa kwa jina lake. "Dawa ya vioo" si daraja. Kinachoamua ni kimiminika chenyewe kilichomo chupani, na swali la kwanza ni hili: mvuke wake unaanza kushika moto kwenye nyuzi ngapi ukikutana na cheche? Kwenye karatasi ya usalama, ile yenye vipengele 16, utaikuta kipengele cha 9 kwa jina la "Flash point". Hapa tutaiita kiwango cha mwako. Kikiwa nyuzi 60 za Selsiasi au chini yake, kimiminika kinaingia daraja la 3, yaani vimiminika vinavyowaka. Kisha unatafuta kundi la ufungashaji, linaloonyesha ukubwa wa hatari: I ni kubwa zaidi, III ni ndogo zaidi. Kiwango kikiwa chini ya 23, ni kundi la II. Kikiwa 23 hadi 60, ni kundi la III. Kundi la I ni la vimiminika vinavyoanza kuchemka kwenye nyuzi 35 au chini yake, na dawa za usafi hazifiki huko mara nyingi.

Zingatia hiyo 23. Mchana wa Dar es Salaam hupita hapo mwaka mzima. Maana yake, dumu la kundi la II lililoachwa wazi stoo tayari linatoa mvuke unaoweza kuwaka, bila kupashwa moto na mtu yeyote.

Angalia pia kipimo kilifanywaje. Usafirishaji unatumia kipimo cha kikombe kilichofunikwa, kinachoandikwa "c.c." Kikombe cha wazi huruhusu mvuke kupotea, kwa hiyo namba yake hutoka juu zaidi, ndiyo maana mpaka wa nyuzi 60 kwa kikombe kilichofunikwa huhesabiwa kuwa sawa na 65.6 kwa cha wazi. Karatasi ikisema "62°C" bila kutaja kikombe, usiipokee. Mrudie mtengenezaji.

Watu wengi hudhani maji yakizidi hatari imeisha. Hapana. Ethanoli safi ina kiwango cha mwako cha karibu nyuzi 13. Ukiipunguza kwa maji kiwango hupanda, lakini hupanda polepole: mchanganyiko wenye asilimia 10 tu ya ethanoli bado uko karibu na nyuzi 49, ndani kabisa ya daraja la 3 kwa namba peke yake. Kinachouokoa ni nafuu zilizoandikwa kwenye kanuni, na kila nafuu ina masharti yake. Ya kwanza iko kwenye UN 1170, namba ya ethanoli: myeyusho wa ethanoli na maji usiozidi asilimia 24 ya alkoholi kwa ujazo hauhesabiwi kuwa mzigo hatarishi. Nafuu hiyo ni ya ethanoli, kwa hiyo usiihamishie kwenye isopropanoli wala asetoni. Ya pili inahusu vimiminika vyenye kiwango cha mwako kinachozidi nyuzi 35. Hivyo vinaweza kutoka daraja la 3 kama vimefaulu kipimo kinachoonyesha kwamba haviendelei kuwaka vyenyewe, au kama ni myeyusho unaochanganyika na maji na maji ni zaidi ya asilimia 90 kwa uzito. Kwa uzito, si kwa ujazo. Isopropanoli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo fomula ya asilimia 12 kwa ujazo hukaribia mpaka huo kuliko inavyoonekana. Ipigie hesabu upya kwa gramu kabla ya kuamua.

Hapa ndipo karatasi za usalama za dawa za vioo huchanganya watu. Chukua moja uisome polepole. Kipengele cha 3: isopropanoli asilimia 5 hadi 15. Kipengele cha 9: kiwango cha mwako "hakijapimwa". Kipengele cha 14: "si mzigo hatarishi". Vipengele hivyo vitatu haviwezi kusimama pamoja. Bila kipimo, aliyeandika kipengele cha 14 amekisia, na wewe ukisaini tamko la mzigo umekichukua kisio chake kuwa chako. Omba ripoti ya maabara yenye jina la bidhaa yenyewe, si ya malighafi, na yenye kutaja njia ya kupimia, kwa mfano Pensky-Martens, ambayo ni ya kikombe kilichofunikwa. Ukiwa Tanzania, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayosimamia kemikali za viwandani na majumbani, kwa hiyo nyaraka hizo zitatakiwa hata hivyo.

Sasa jambo linalowakwaza hata wazoefu: kimiminika kilekile kinaweza kubeba namba tatu, kutegemea kimewekwa kwenye nini. Chukua ethanoli ya asilimia 70.

Ikiwa kwenye chupa au dumu, ni UN 1170, daraja la 3, kundi la II. Kwenye tamko jina huandikwa kwa Kiingereza rasmi, ETHANOL SOLUTION. Ikiwa imechanganywa alkoholi mbili, sema ethanoli na isopropanoli, namba sahihi kwa kawaida ni UN 1987, ALCOHOLS, N.O.S. (yaani ambazo hazikutajwa kwa jina mahali pengine), na hapo ni lazima majina ya kikemia yafuate ndani ya mabano. Jina la N.O.S. lisilo na mabano hayo ni tamko pungufu na litarudishwa. Kuifanya dawa kuwa jeli hakupunguzi mvuke wake. Jeli ya asilimia 70 inaanzia palepale.

Ikiwa imelowekwa kwenye vitambaa vya kupangusia, inakuwa kitu kigumu chenye kimiminika kinachowaka: UN 3175, daraja la 4.1 (vitu vigumu vinavyowaka), kundi la II. Vipakiti vilivyofungwa, kila kimoja kikiwa na chini ya mililita 10 iliyonywewa yote na kitambaa, bila tone linalotiririka, vimesamehewa. Ndoo ya vitambaa 200 haimo kwenye msamaha huo.

Ikiwa kwenye kopo lenye gesi ya kusukuma, ni UN 1950, namba ya makopo ya spreyi, na kiwango cha mwako cha kimiminika hakiamui tena. Kopo huwa daraja la 2.1, yaani linawaka, likiwa na asilimia 85 au zaidi ya viambato vinavyowaka kwa uzito na joto la kuungua la kilojuli 30 kwa gramu au zaidi. Huwa halihesabiwi kuwaka likiwa na asilimia 1 au chini ya viambato hivyo, na joto la kuungua lisilofika kilojuli 20 kwa gramu. Yaliyo katikati hupimwa kwa kupuliza mbele ya moto. Makopo mengi husukumwa kwa gesi ileile ya kupikia, propani na butani, kwa hiyo hata dawa yenye maji mengi ndani yake inaweza kuishia 2.1.

Na chupa ya kubinya kwa kidole, yenye pampu, si UN 1950. Haina gesi wala shinikizo. Ni chupa tu ya UN 1170, ingawa kwenye lebo imeandikwa "spray" kwa herufi kubwa. Kosa hili limeenea mno, na hutokea pande zote mbili.

Dawa inayounguza ngozi na pia kuwaka inahitaji uangalifu wa ziada. Kundi la II la kuwaka likikutana na kundi la II la kuunguza, daraja kuu ni la 3 na la 8, la vitu vinavyounguza, linakuwa la nyongeza: UN 2924. Lakini kundi la III la kuwaka likikutana na kundi la II la kuunguza, daraja kuu linageuka kuwa la 8: UN 2920. Usikisie mpangilio huu; kanuni zina jedwali la vipaumbele, fungua hilo. Spiriti ya bei ya chini nayo iulizwe kama ina methanoli, maana methanoli (UN 1230) ina sumu ya daraja la 6.1 zaidi ya kuwaka. Dawa zenye harufu ya machungwa mara nyingi zina limonini, ambayo kiwango chake cha mwako ni karibu nyuzi 48 na pia huchafua bahari, kwa hiyo vifungashio vinavyozidi lita 5 vinahitaji alama ya samaki na mti.

Ukishapata kundi, ndipo ufungashe. Kwa meli, nafuu ya kiasi kidogo inaruhusu chupa za hadi lita 1 kwa kundi la II na lita 5 kwa kundi la III, ndani ya katoni isiyozidi kilo 30 kwa jumla. Kwa hiyo sanitaiza ya asilimia 70 kwenye chupa za mililita 500 inapita. Ileile kwenye dumu la lita 5 haipiti, na inahitaji kifungashio chenye alama ya UN. Soma herufi kwenye alama hiyo: X inafaa makundi yote, Y kundi la II na III, Z kundi la III peke yake. Dumu la Z lenye spiriti ya kundi la II ni kosa hata kama ni jipya kabisa.

Usijaze hadi mdomoni. Kanuni inataka kwamba kwenye nyuzi 55 kimiminika kisiwe kimejaa kabisa. Spiriti ikitoka nyuzi 25 kufika 55 hutanuka karibu asilimia 3, na kwenye dumu la lita 20 hiyo ni zaidi ya nusu lita inayotafuta pa kwenda. Itapitia kwenye kifuniko. Chupa za pampu nazo zifungwe kitasa chake au zipelekwe na kifuniko cha kawaida, pampu zikiwa zimewekwa pembeni.

Fomula ikibadilika, uainishaji unaanza upya. Ethanoli ikiadimika na kiwanda kikaweka isopropanoli, UN 1170 imekufa siku hiyohiyo. Mzigo mpya ni UN 1219, namba ya isopropanoli, au UN 1987 kama zimechanganywa. Mweke mtu mmoja kiwandani ambaye kazi yake ni kumpigia simu wa mizigo kila pipa la kiyeyushi linapobadilika, kabla lebo za zamani hazijabandikwa kwenye chupa mpya.