Kitelugu kiandikwe kwa Unicode, hata mchapaji akidai fonti za zamani

Kila anayeanza kuandaa maandishi ya Kitelugu, lugha ya majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana huko India, ninamshauri aiandike na kuihifadhi matini yake ya msingi kwa Unicode, mfumo sanifu wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, hata kama mchapaji atakayeipokea bado anadai fonti za zamani kama Anu au Shree-Lipi. Kazi hii nilijifunza nilipokuwa mwanafunzi Hyderabad, nikisaidia kupanga kurasa katika ofisi ndogo ya uchapaji, na ninawaelewa wanaozing'ang'ania fonti hizo: zina maumbo mazuri ya vichwa vya habari, na vidole vyao vimekwisha kuzizoea.

Tatizo limo ndani ya faili. Fonti ya zamani huweka vipande vya herufi za Kitelugu katika nafasi za herufi za Kilatini, hivyo maandishi yakifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ileile, msomaji huona alama zisizosomeka, na akiyatafuta kwenye intaneti hayapati. Unicode huipa kila herufi namba yake, kati ya U+0C00 na U+0C7F, na kuiachia fonti kazi ya kuunda umbo, iwe Gautami, Pothana2000 au Noto Sans Telugu.

Unapobadilisha faili za zamani kuwa za Unicode, usiiamini programu ya kubadilishia bila kusoma upya. Chukua silabi క్కి (kki), ambayo k yake ya pili huandikwa chini ya ile ya kwanza: katika fonti za zamani, irabu kwa kawaida huandikwa pamoja na konsonanti ya juu, ndipo kifuate kipande cha chini, ilhali Unicode hutaka konsonanti zote mbili zitangulie na irabu ije mwisho. Programu isiyoihamisha irabu hiyo huharibu maneno mengi, nami huanza kusahihisha hapo. Kagua pia maneno ya kigeni kama సాఫ్ట్‌వేర్, yaani “software”, yenye alama isiyoonekana, U+200C, ambayo ikipotea herufi ట (t) na వ (v) huungana pasipotakiwa.

Kwa kibodi ninapendekeza InScript, mpangilio sanifu wa lugha za India, kwa sababu anayeijua kwa Kihindi huzikuta herufi nyingi za Kitelugu mahali palepale. Katika Adobe InDesign, programu ya kupanga kurasa, chagua World-Ready kwenye mipangilio ya aya kabla ya kubandika matini, la sivyo herufi hazitaungana ipasavyo. Mchapaji akisisitiza fonti ya zamani, mpe nakala iliyobadilishwa, na masahihisho yote yaendelee kufanywa katika faili ya Unicode.