Kabla ya kulalamikia bei ya kuku wa nje, mgawe kuku vipande

Wengi wanaonijia kuuliza habari za kuku wa kutoka nje huanza na bei ya kilo. Wanataka kujua inakuwaje nyama ivuke bahari ikiwa ndani ya kontena la barafu, ilipiwe nauli na ushuru, kisha ifike sokoni ikiwa bado rahisi kuliko ya mfugaji aliye karibu. Kazi yangu ya siku nyingi ni kukaa na wafugaji na wenye machinjio, kukokotoa gharama zao na kuziweka kando ya zile za washindani wao. Nami huwauliza kwanza: kilo ya nini? Ya kuku mzima, ya kidari, au ya mapaja?

Swali hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Marekani ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha nyama ya kuku, zaidi ya tani milioni 20 kwa mwaka, na mlaji wao hupendelea kidari. Kidari kikishauzwa kwa bei nzuri nyumbani, kimerudisha sehemu kubwa ya gharama ya kuku yule. Paja linalobaki linaweza kuuzwa nje kwa bei yoyote inayozidi gharama ya kulikata, kuligandisha na kulisafirisha. Sasa mfugaji anayeuza kuku mzima anajilinganisha na paja hilo, halafu anakata tamaa. Hiyo si hesabu. Ni kulinganisha gharama ya kuku na bei ya kipande ambacho kimeshalipiwa na kipande kingine.

Mapaja hayo yameacha historia. Miaka ya mwanzo ya 1990 yalijaa Urusi kiasi kwamba watu waliyaita "mapaja ya Bush", kwa jina la rais wa Marekani wa wakati huo. Urusi ikaanza kuweka mgao wa uagizaji, ikajenga mabanda na viwanda vyake, na Agosti 2014 ikafunga mlango kabisa kwa nyama ya Marekani na ya Umoja wa Ulaya. Leo Urusi yenyewe inauza kuku nje. Afrika Kusini nayo, tangu mwaka 2000, imetoza mapaja ya Marekani ushuru maalumu kwa hoja kwamba yanauzwa chini ya thamani yake.

Kuna pia miguu, ile yenye kucha. Machinjio mengi huihesabu kuwa taka, lakini nchini China ni chakula kinachotafutwa. China ilipoizuia nyama ya kuku ya Marekani Januari 2015 kwa sababu ya mafua ya ndege, kuku hawakubadilika, wala viwanda. Kilichopotea ni mnunuzi bora wa miguu, na alirudi Novemba 2019. Kwa hiyo ninachokushauri, kama una machinjio hata madogo, ni kuandika kila kipande kwenye mstari wake: kidari, paja, kipapatio, firigisi, ini, shingo, mguu, mifupa. Andika nani anakinunua na kwa bei gani. Kisha ushughulikie mstari wa chini kabisa. Nimeona watu wakihangaika kupandisha bei ya kidari kidogo tu wakati nusu ya kuku wao inaondoka kwa bei ya kutupa.

Ukimaliza hapo, rudi bandani. Chakula ndicho kinachokula fedha, kwa kawaida asilimia 60 hadi 70 ya gharama ya kumlea kuku wa nyama, na chakula chenyewe kwa sehemu kubwa ni mahindi na mashudu ya soya. Brazili imeongoza kwa kuuza kuku nje tangu 2004, na siku hizi hupeleka takriban tani milioni 5 kwa mwaka. Mabanda yake mengi yako majimbo ya kusini, Paraná, Santa Catarina na Rio Grande do Sul, ndani ya nchi inayoongoza duniani kwa soya na yenye mahindi tele. Mbegu ya kuku si siri yao, kwa kuwa vifaranga wa Ross na Cobb, mbegu mbili za kuku wa nyama, wanafugwa karibu kila pembe ya dunia. Kifaranga ni yuleyule. Tofauti iko kwenye bei ya chakula na kwenye mkono wa anayemlisha.

Bei ya mahindi huiwezi, lakini mkono ni wako. Chukua kuku wa kilo 2.5. Banda moja linatumia kilo 1.6 za chakula kwa kila kilo ya uzito, jingine linatumia 1.9. Wa kwanza amekula kilo 4, wa pili kilo 4.75. Kwa kundi la kuku 10,000 hiyo ni tofauti ya tani 7.5 za chakula, na ukisimama mlangoni ukawatazama kuku wa mabanda yote mawili, huwezi kuiona. Inaonekana kwenye daftari tu. Pima chakula kinachoingia kila siku, pima uzito wa kuku wachache kila wiki, na kila anayekufa mwandike umri wake, maana anayekufa wiki ya tano ameshamaliza sehemu kubwa ya chakula chake. Mimi sipingi ushuru wa kulinda wafugaji, na kwa habari ya mapaja hoja yao ina mashiko. Ila hakuna ushuru utakaolitoa banda kwenye 1.9.

Kanuni za mpakani nazo zina uzito wake, na mfano ninaoupenda ni wa chumvi. Brazili na Thailand zilikuwa zikipeleka Umoja wa Ulaya minofu ya kuku iliyogandishwa na kutiwa chumvi kidogo, ikaingia kama nyama ya chumvi kwa ushuru wa asilimia 15.4. Mwaka 2002 Ulaya ikasema hiyo ni nyama iliyogandishwa tu, ambayo ushuru wake ni euro 102.4 kwa kila kilo 100. Shauri likafika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2005 Brazili na Thailand zikashinda. Baadaye Ulaya ikajadiliana nazo upya na kuweka mgao. Basi kabla ya kununua hata mashine moja kwa ajili ya soko la nje, soma kifungu cha ushuru ambacho bidhaa yako itaingilia. Ni kazi ya kuchosha, lakini faida yako inaweza kuwa imelala humo.

Thailand ina somo jingine, nalo nalipa uzito mkubwa. Mafua ya ndege yalipoingia mwaka 2004, Ulaya na Japani zilikataa nyama yake mbichi. Wenye viwanda wakageukia kuku aliyepikwa, kwa kuwa joto la kupikia huua kirusi. Ulaya ilipoifungulia tena nyama mbichi mwaka 2012, kuku wa kupikwa alikuwa ameshakuwa uti wa mgongo wa biashara yao, akilipwa zaidi na akiogopwa kidogo.

Ugonjwa haumwachi hata mkubwa. Mei 2025 Brazili ilithibitisha mafua ya ndege kwa mara ya kwanza katika shamba la biashara, katika mji wa Montenegro, jimbo la Rio Grande do Sul. China na Umoja wa Ulaya zikasimamisha kuku wa nchi nzima, ilhali wanunuzi wengine, Japani ikiwamo, walifunga eneo lililoathirika tu. Yote hayo yalitegemea kilichokuwa kimeandikwa kwenye makubaliano ya cheti cha afya kinachosafiri na nyama, kabla ya ugonjwa kutokea. Ukiwa na mnunuzi wa nje, au unamtafuta, muulize daktari wa mifugo wa serikali kama cheti kinatambua maeneo au kinahukumu nchi nzima. Ikiwa kinahukumu nchi nzima, usimpe mnunuzi huyo zaidi ya sehemu ya mzigo ambayo unaweza kuigeuzia soko jingine ndani ya wiki moja, na hakikisha una nafasi ya kutosha kwenye ghala la barafu kwa ajili ya wiki hiyo.